Shajara ya manukuu: mke, mume na kiwakilishi kimoja

Siku ya 1

Faili lilianza kushuka saa tatu usiku, umeme ukakatika likiwa asilimia 90, likaanza upya alfajiri. Sasa ninalo. Filamu ya Kiyoruba, kutoka Nigeria, dakika 118. Kisa kinaanza 1921: binti wa mfumaji wa Iseyin anaozwa kwa mkulima wa kakao wa Abeokuta, mzee mwenye mke tayari, aliyemposa binti akiwa bado hajang'oa meno ya utoto. Binti hamtaki. Wala si siri, dakika ya nne tu tumeshajua. Dakika 114 zilizobaki ni za kumtazama mtu akiishi na asichokitaka.

Kazi yangu ni manukuu ya Kiswahili, yale maandishi ya chini ambayo fundi wangu anayaita sabutaito. Nimepewa wiki nne. Wenye filamu ni kikundi kidogo cha Abeokuta. Wamenipata kwa sababu nilisoma Ibadan, na Kiyoruba changu, ingawa kinachechemea, bado kinafika sokoni na kurudi.

Wamenitumia na manukuu ya Kiingereza, "yakusaidie". Nimeyasoma dakika tano nikayafunga. Dakika ya 31 mke mkubwa anamnong'oneza jirani habari za mtu anayefika nyumbani usiku. Kwa Kiyoruba mtu huyo ni *ó* tu, kama a- yetu: anakuja, anaondoka, mwanamume au mwanamke hujui, na filamu inataka usijue mpaka dakika ya 70. Kiingereza, ambacho lazima kichague, kimeshatoboa. Kwa Kiswahili siri inakaa pale pale ilipo na mimi sijatoa hata jasho. Natafsiri kutoka kwenye sauti, basi.

Siku ya 2

Mswada wa mazungumzo umeandikwa bila alama za toni na bila nukta chini ya herufi. Aliyeuandika ni Myoruba, yeye anajua anachosoma. Mimi nimeshatumbukia.

Dakika ya 12 binti na mama yake wanatwanga viazi vikuu. Mswada unasema "n ko fe oko". *Oko* bila nukta ni shamba. *Ọkọ* ni mume. *Ọkọ́*, sauti ikipanda mwishoni, ni jembe. *Ọkọ̀*, sauti ikishuka, ni chombo cha safari, mtumbwi zamani na gari siku hizi. Sasa mposaji ni mwenye shamba, na dakika mbili kabla baba mtu alikuwa akilisifia hilo shamba mti kwa mti. Nikaandika "Sitaki shamba", nikamvulia kofia binti asiyenunulika kwa kakao. Jioni nikavaa hedifoni. *Ọkọ*. "Sitaki mume." Nimefuta, ingawa nakiri lile la shamba lilikuwa tamu zaidi.

Halafu hilo *fẹ́* lenyewe. Ni kutaka, ni kupenda, ni kuoa, yote kwa pamoja. Baba anasema moja, binti anasikia jingine, na mwandishi wa filamu ameucheza mchezo huo kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kiswahili kinanibana: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, sarufi yenyewe imeshamkalisha mkekani kabla shehe hajafika. Kwa Kiyoruba mwanamke naye anaweza *fẹ́* mume, na mtendaji akawa yeye. Nimeamua kutumia *kutaka* kila panapowezekana. "Alinitaka. Sikumtaka." Hakuna mtu wa kwetu asiyejua kumtaka mwanamke ni nini.

Siku ya 5

Vipimo. Mistari miwili, herufi 42 kwa mstari pamoja na nafasi, herufi 15 kwa sekunde. Tumejiwekea hivyo kwa sababu wengi watatazama kwenye simu. Tatizo ni kwamba Kiyoruba kinakwenda kwa silabi fupi fupi na Kiswahili kinatembea na kanzu. Dakika ya 44 mke mkubwa anasema "Bá wa bẹ̀ wọ́n", silabi nne, sekunde moja na kidogo. Niliandika "Tusaidie kumwomba mzee msamaha". Herufi 30, sekunde mbili. Kabla hujamaliza kusoma, mwenye kuomba ameshapiga magoti na kuinuka. "Tuombee kwa mzee", 16. Imepita.

*Alárinà* ni mshenga, barabara, mpaka na tabia ya kula pande zote mbili. Vitu vya posa nimevipita haraka: kokwa za kola, asali, chumvi, samaki, viazi vikuu, vyote vinaonekana kwenye sinia. *Ataare*, pilipili yao ya mbegu ndogo, nimeiacha kwa jina lake.

Siku ya 6

Mume wa miaka kumi.

Bibi harusi amefika Abeokuta. Wamemwosha miguu kizingitini, ameingia, amelala. Asubuhi anakutana uani na mtoto wa kike wa ndugu yake bwana harusi, umri wake hauzidi miaka kumi, ana ndoo kichwani. Bibi harusi anapiga goti na kusema "Ọkọ mi". Mume wangu.

Ndivyo ilivyo kwa Wayoruba. Kila aliyezaliwa katika nyumba ile kabla wewe hujaingia kama mke, ni mume wako, awe mwanamume awe mwanamke. Humwiti kwa jina lake. Unamtungia la kumpamba, na huyu kapewa *Adúmáadán*, mweusi anayeng'aa.

Fundi akasema, "Dada, weka wifi, yaishe." Ningeweza. Lakini wifi kwetu ni wa kugombana naye na kupatana naye, na mtoto wa umri huo ungemtuma chumvi dukani. Hapa mtoto ndiye mwenye kutuma. Bibi wa pwani humwita mjukuu "mume wangu", lakini ule ni utani, na kwenye ua huu hakuna anayetania. Nimeacha "Mume wangu".

"Watu watadhani umekosea."

"Waache wadhani dakika mbili." Kwa sababu baada ya dakika mbili mke mkubwa anamwambia mwenyewe: aliyekutangulia nyumbani ni mume wako.

Kuhusu Adúmáadán fundi alipendekeza "Maji ya Kunde". Hapana, maji ya kunde ni weupe wetu wa kujificha. Nimeandika "Mweusi wa Kung'aa".

Siku ya 9

*Ẹkún ìyàwó*. Siku nzima kwa dakika tatu.

Ni kilio cha bibi harusi, cha upande wa Oyo, na Iseyin imo humo. Siku ya kuondoka, binti mwenyewe huzunguka kwa wazazi na wakubwa akighani, akiomba radhi na dua, akishukuru, na mle ndani ya shukrani anaweza kupenyeza anayotaka. Kwetu mwali hunyamaza, wanaosema ni somo na makungwi. Huku mwali ndiye mwenye uwanja, pengine mara ya mwisho kwa muda mrefu.

Nilianza na nathari. Ikawa kama tangazo la msiba. Nikajaribu mizani 12, vina vya mwisho tu:

*Baba nibariki, niende salama,*
*nisifike kwao, wakanitazama.*

Hilo "wakanitazama" halimo neno kwa neno. Kwenye sauti anaomba asifike kwa watu akawa mgumba. Lakini mtazamo wa watu wa ukweni kwa mke asiyeshika mimba, nani asiyeujua? Herufi 57 kwa jumla, na kwa kuwa anaghani taratibu, sekunde sita zinatosha na chenji inabaki. Nina hakika nusu ya watazamaji hawatagundua kwamba wanasoma shairi. Wa Tanga watagundua.

Nguo aliyovaa ni *sányán*, ile ya rangi ya mchanga, iliyofumwa kwa vipande vyembamba vya mtande wa baba yake. Kamera inakaa kwenye mshono unaounganisha vipande viwili karibu na bega, unavuta kidogo kila akipumua. Hapo sikuandika kitu, hakuna anayesema.

Siku ya 10

Umeme wa Luku umeisha, mwenye nyumba hapatikani. Leo hakuna kazi.

Siku ya 13

Leo nimesimamisha filamu nikamwita fundi aje asikie mwenyewe.

Kuna kijana mpagazi wa stesheni ya Lafenwa, Abeokuta, kwenye reli iliyofika Ibadan mwaka 1901. Alikuwa askari. Tunajua kwa sababu ana koti la jeshi analolificha chini ya mkeka, na kulificha kuna maana yake. Kikosi cha Wanaijeria kililetwa huku kwetu kupigana na Wajerumani, kikawa Mahiwa, ndani ya Lindi, Oktoba 1917, katika mapigano yaliyokuwa machinjo. Waliporudi kwao 1918 walikuta Wa-Egba wa Abeokuta wanaasi kwa ajili ya kodi mpya na kazi za lazima, reli imeng'olewa, na askari waliotoka Afrika Mashariki wakatumwa kuyazima maasi hayo. Kwa hiyo kijana anaishi katikati ya watu ambao pengine alifyatua risasi upande wao. Filamu haisemi zaidi ya lile koti.

Sasa tukio. Mke mdogo anakoroga uji wa wanga wa muhogo, ule wa kuchorea vitambaa kabla ya kuvitia nili. Uji unamrukia mkononi. Kijana, aliyekuja kuchukua mzigo wa nguo za kupeleka Lagos, anasema kitu kimoja:

"Pole."

Kabisa. Pole yetu. Kaiokota Lindi akarudi nayo. Na mwanamke, bila kuinua macho, anamsahihisha: "*Pẹ̀lẹ́*." Kwa Kiyoruba *pẹ̀lẹ́* ni pole. Maana ile ile, na sauti zimekaribiana kiasi kwamba anadhani kijana ana kigugumizi cha kigeni. Ni bahati tu ya lugha mbili zisizojuana. Niliizoea Ibadan, ambako pia "ẹ kú iṣẹ́" ilinifariji kila jioni kwa kuwa ni "pole na kazi" iliyovaa nguo nyingine. Lakini kuiona imewekwa pale, mtu anafarijiwa kwa mara ya kwanza tangu aolewe, na kwa neno la kwetu!

Nimeandikaje? Neno la kijana nimeliacha bila manukuu. Ni mstari pekee wa filamu nzima ambao mtazamaji wetu atausikia mwenyewe. La mwanamke nimeliandikia: "Pole."

Siku ya 15

Nimekuwa nikiikwepa tangu siku ya kwanza.

Kiyoruba humtaja mkubwa kwa wingi. Ukisema juu ya baba yako, mwalimu, au mume aliyekuzidi umri kama huyu, husemi *ó*, unasema *wọ́n*, "wao". Wachewa wa Malawi nao humtaja mkubwa kwa wingi, sisi hapana. Mke huyu anasema *wọ́n* kwa miaka mitatu ya hadithi. "Wọn ò tíì jẹun", mume hajala bado. "Wọ́n fẹ́ mi", alinioa. Manukuu ya Kiingereza yamemfanya mume mmoja kuwa kundi la watu katika sehemu nane, nilizihesabu, na mtu asiyejua atadhani nyumba ile ina waume watano.

Shida haiko hapo, hapo nitapita. Shida iko dakika ya 103, barazani. Mke ameshitaki. Anaulizwa. Anajibu: "N ò fẹ́ ẹ mọ́." Simtaki tena. Kama angemheshimu angesema *fẹ́ wọn*. Amesema *fẹ́ ẹ*, umoja. Na umoja wa mtendwa kwa Kiyoruba hauna hata neno lake mwenyewe, ni irabu ya kitenzi kuvutwa tu. Miaka mitatu mtu alikuwa "wao", leo amekuwa mvuto wa sauti mwishoni mwa kitenzi. Kwenye filamu baraza zima linaguna, mzee mmoja anavua kofia.

Kwa Kiswahili: "Simtaki tena." Ile -m- ni ya mume, ni ya mtoto, ni ya mbuzi. Watu barazani wataguna na mtazamaji wangu atauliza wanagunia nini.

Nikijaribu wingi tangu mwanzo, "hawajala", "walinioa", nimerudi kwa Kiingereza na waume wake watano.

Siku ya 16

Nimeacha ile, nimeshika ndogo. Baba anamuaga binti kwa methali: "Ilé ọkọ, ilé ẹ̀kọ́." Nyumba ya mume ni nyumba ya mafunzo, na *ọkọ* na *ẹ̀kọ́* zinagongana mdomoni vizuri. Nasi tunayo inayogongana: ndoa ndoano. Lakini ndoano ni onyo, na baba hapa anatuliza. Nimempa baba "Kwa mume ni chuoni", na ndoano nimemwekea mke mkubwa, dakika ya 58, anapomwambia mwenzake jambo lililo karibu sana na hilo. Ameipokea kama ya kwake.

Siku ya 19

Simu na Màmá. Ni mwalimu mstaafu wa Abeokuta ambaye kikundi kimempa kazi ya kusikiliza kama nimeshika toni. Ninapomsalimia huwa napiga goti hapa hapa chumbani, sijui kwa nini, hanioni.

"Ọmọ mi, umeangalia kitambaa kilichoning'inia nyuma ya mke mkubwa, anapomfundisha mwenzake kuchora kwa unyoya?"

Nilikiangalia, sikukiona. Nikarudisha. Ni *àdìrẹ*, nguo za nili ambazo Abeokuta inajulikana kwazo, na kama kanga zetu zilivyo na maneno, michoro ya àdìrẹ ina majina. Kimojawapo pale kina vichwa viwili vya wenye taji: Mfalme George wa Tano na malkia wake, mchoro wa jubilei ya 1935. Kingine ni kile cha *Ìbàdàndùn*, "Ibadan tamu", chenye nguzo za ukumbi wa Mapo, uliofunguliwa 1929. Tukio ni la 1922.

"Mfalme amefika kabla ya sherehe yake," Màmá alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Ni sawa na sisi kutundika kanga ya Mwenge wa Uhuru katika filamu ya enzi za Mjerumani. Si kazi yangu, lakini nimemwandikia mwongozaji. Amejibu usiku: mfalme atakatwa, ni sekunde tatu, nguzo za Mapo haziwezi kukatwa kwa kuwa mazungumzo yako juu yake, watazitia giza. Alimaliza na alama ya mtu anayelia.

Kwa kuwa Màmá alikuwa na muda nikamtolea la dakika ya 103. Akanyamaza kidogo. Akauliza, kwa Kiyoruba, "Ninyi mwanamke akimheshimu mumewe anamwitaje, mbele za watu?"

Nikasema inategemea. Baba fulani, kwa jina la mtoto. Lakini huyu hana mtoto. Bwana. Wengine husema mzee, hata kama mume ana miaka 35.

"Na akiacha kumheshimu?"

Siku ya 20

Mzee! Nilikuwa nalo tangu siku ya tano, "Tuombee kwa mzee", nikapita juu yake kama jiwe la njiani.

Nimerudi mwanzo. Kila *wọ́n* ya mke kwa mume imekuwa Mzee, herufi kubwa. "Mzee hajala." "Mzee alinitaka." Herufi nne, nafuu hata kwa vipimo. Inachosha kidogo kuisoma, na inafaa ichoshe. Nimebadilisha mistari 64.

Siku ya 22

Baraza. Enzi hizo, mabaraza ya wenyeji chini ya Waingereza yalikuwa yamewafungulia wanawake mlango wa kudai talaka, na kilichokuwa kikipimwa hasa ni mahari: irudishwe kiasi gani, na nani alipe. Mara nyingi alilipa mwanamume mpya. Mume anakuja na hesabu. Anataja viazi vikuu vya mwaka ule, siku alizomlimia baba mkwe, kola, nguo, mpaka peni za tundu alizompa mshenga. Peni nyingine kama hizo anazo kwenye uzi, anazipitisha kidole kimoja kimoja kama tasbihi. Shangazi yangu alikuwa na senti kumi za tundu za zamani za kwetu kwenye kopo la vifungo, ndiyo maana nilijua mlio wake kabla sijaona.

Nilisita kwenye neno la kuachana. Mke kurudisha mahari ajitoe, mtu wa pwani atasema ni khului, na akisema khului ataona kadhi. Kadhi hayumo. *Kọ ọkọ sílẹ̀* ni kumkataa mume na kumweka chini, basi nimeandika "kumwacha mume", kavu, na hakimu anauliza hivyo hivyo.

Kisha ule mstari. "Simtaki tena" nimeutazama saa nzima. Mume amesimama hatua tatu kutoka kwake, mkono wake mke uko wazi, umebaki na buluu ya nili kwenye kucha. Miaka mitatu Mzee, Mzee, Mzee. Nikaandika:

*Huyu simtaki tena.*

Herufi 18. Nikafunga kompyuta.

Siku ya 27

Jaribio sebuleni kwa shangazi, Magomeni. Wanawake saba, watoto wasiohesabika, televisheni ya jirani iliyoazimwa pamoja na jirani mwenyewe. Nilikaa nyuma na daftari.

"Mume wangu" kwa yule mtoto imeleta mzozo. Jirani alisema tafsiri mbovu, akasema wakati wa Lufufu, yule msimulizi wa filamu za kigeni, angalau mtu alikuelezea. Mke mkubwa alipoeleza dakika mbili baadaye, jirani alikuwa bado anaongea, hakusoma. Sijui nitafanya nini hapo. Pengine nisogeze maelezo ya mke mkubwa yaanze nusu sekunde mapema.

Kwenye "Pole" ya mpagazi sebule ililipuka. "Kasema pole! Huyu Mnaijeria kasema pole!" Wakakosa mistari mitatu iliyofuata, na sikujali.

Kilio cha bibi harusi kilipita kimya. Mama mmoja alisoma kwa sauti ya chini, na kwa sauti ile nilisikia mizani.

Barazani shangazi alikuwa amelala kidogo, au nilidhani amelala. Hesabu ya viazi ilikuwa ndefu kweli, mwongozaji angeweza kuipunguza. Hakimu akauliza. Mwanamke akajibu, na maandishi yakatokea.

Shangazi akafumbua macho. "He! Kamwita huyu?"

"Kamwita huyu," mtu akamjibu.

"Mbele za watu?" Akajisogeza mbele ya kiti, akanigeukia. "Hebu rudisha hapo."

Nikarudisha. Akasema nirudishe tena.